Somo la afya ya jamii lianzie kwa wale wanaosahauliwa

Wandugu vijana, tuanze na mpox, ugonjwa tunaoujua vizuri.

Mtu wa kwanza duniani kutambuliwa na ugonjwa huu alikuwa mtoto mdogo wa Basankusu, Équateur, mwaka 1970. Mwaka 2022 ulipofika Ulaya na Marekani, watu wa kule walipata chanjo mwaka uleule. Sisi je? Chanjo za kwanza zilitua Kinshasa Septemba 2024, na hapa Goma watu walianza kuchanjwa tarehe 5 Oktoba. Katikati pale, ugonjwa ulikuwa umeshatoka Kamituga, mji wa dhahabu, ambako wanawake wanaoishi kwa kuuza mwili walikuwa kati ya wagonjwa wa kwanza.

Sasa, mwanafunzi wa afya ya jamii anafundishwa nini juu ya mpox? Dalili zake, siku zake, na vya kujikinga: nawa mikono, usimguse mgonjwa, mtenge. Anaandika, anarudisha vilevile kwenye mtihani, anapata pointi. Lakini nani alimuuliza: juu ya nini Kamituga? Juu ya nini miaka zaidi ya 50 bila chanjo? Na mama mwenye watoto sita ndani ya hema moja, atamtenga mgonjwa wapi?

Hayo maswali si ya pembeni. Njo afya ya jamii yenyewe.

Mtatuambia iyo ni siasa, si sayansi. Hapana. Kuhesabu wagonjwa kwa kartie, kwa mwanamke na mwanaume, kwa mwenye robine na mwenye kuchota maji ziwani, iyo ni sayansi. Kutoa hesabu moja ya jimbo lote njo kuficha wale wanaoumia zaidi.

Na kosa hilo tumeshalipia. Ebola ya 2018 mpaka 2020 iliua watu zaidi ya 2.200 huku kwetu. Watu wa Beni na Butembo walipokataa timu za afya, wengi walisema: "Ni ujinga." Lakini wale watu walikuwa wanauawa kwa panga tangu 2014 bila magari mengi namna ile kuja. Desemba 2018 wakanyimwa kura, Ebola ikiwa moja ya sababu zilizotolewa, na huku masoko na makanisa yako wazi. Wakati uleule surua iliua zaidi ya watu 6.000 inchini, wengi wao watoto, na dunia haikushtuka sana. Mwenye hakufundishwa kusoma ukosefu wa haki, ataona hasira ya watu na kuiita ujinga. Na yeye njo kesho ataongoza zoni ya afya.

Kwa hiyo tunaomba vyuo vyetu vikuu mambo matatu:

Moja, kila somo la magonjwa liulize nani anaumia zaidi na kwa sababu gani, na swali hilo lipewe pointi kwenye mtihani.

Mbili, bareko na waforoma wa vituo vya afya waalikwe kufundisha, na walipwe. Wao njo wanajua mlango gani haufunguki na juu ya nini.

Tatu, staji ifanyike pia kwenye kartie zisizo na maji na kwenye vijiji vya machimbo, si hopitali kubwa tu. Na mwanafunzi arudishe matokeo kwa wakaaji kwa Kiswahili, Mashi ao Kinande, mbele ya kuyatetea kwa Kifaransa.

Hakuna pesa? Kubadilisha maswali ya mtihani hakuombe dola hata moja. Kulipa reko kwa saa mbili za somo hakutafilisi chuo.

Katiba yetu, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Haikusema kwa wale walio karibu na barabara ya lami.

Wanafunzi, musingojee rekta. Somo la kesho likifika kwenye hesabu za wagonjwa, nyoosha mkono na uulize: hawa ni akina nani, na wanaishi wapi?