Mama wa mtaa mzima, nyumbani hayupo

Mzazi mwenzangu, wiki hii sina mtaalamu wa kumnukuu. Naandika yaliyonikuta mwenyewe, na nimekaa nayo miezi kadhaa kabla ya kupata ujasiri wa kuyaleta hapa.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu niliondoka nyumbani saa mbili asubuhi, nimevaa fulana ya kikundi, nimepakia maboksi ya taulo za kike kwenye bajaji. Tulikuwa tunakwenda kwenye shule moja ya msingi jirani, ambako wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa na masomo ya ziada. Nyumbani niliwaacha watoto wawili. Mkubwa, Neema, yuko darasa la sita katika shule nyingine, ana miaka kumi na miwili. Nilimwambia ampe mdogo wake uji, aoshe vyombo, ainjike maharage mapema. Baba yao alikuwa kazini.

Taulo zile tulizinunua kwa fedha za kikoba chetu. Tuko wanawake ishirini na watatu, tunakutana kila Jumapili jioni, tunaweka hisa, tunakopeshana, na pembeni tuna mfuko wa jamii wa shilingi elfu moja kila wiki. Ulianza kwa ajili ya misiba na wagonjwa. Halafu mwalimu mmoja ambaye ni mwenzetu akatuambia kuna wasichana darasani kwake wanaopotea siku tatu nne kila mwezi, na kila mtu anajua sababu ila hakuna anayeisema. Mtakumbuka Serikali iliwahi kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike katika bajeti ya 2018/19, kisha mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Tulibishana sana juu ya hilo kikobani. Mwisho tukasema, tukisubiri bei ishuke watoto watakuwa wameshamaliza shule.

Sisi hatugawi tu. Tunaigiza kwanza. Wanane kati yetu tuna kikundi cha maigizo, tunafanya mazoezi Jumamosi chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa. Si jambo geni nchini kwetu. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha Tuseme mwaka 1996 ili wasichana wa sekondari wayaseme matatizo yao kwa njia ya maigizo, maana kuna mambo mtoto hawezi kuyasema akiwa yeye mwenyewe, lakini akiwa mtu mwingine jukwaani anayasema yote.

Katika igizo letu mimi ndiye mama. Kuna mahali namshika binti mkono na kumwambia asiogope, akiona damu aje kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku ile niliisema vizuri mpaka mwalimu mkuu akafuta macho. Tulipigiwa makofi, tukagawa, tukapiga picha, tukanywa soda.

Kutoka pale sikurudi nyumbani. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa tangu uchaguzi wa Novemba 27, 2024, na mchana ule kulikuwa na kina mama wanaojaza fomu za mkopo wa halmashauri. Ni ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Kwenye karatasi ni jambo rahisi. Kwa mama muuza chapati ambaye kikundi chake hakina katiba wala akaunti ya benki, ni safari ya wiki kadhaa. Nilikaa nao hadi saa kumi. Halafu nikapitia msibani mtaa wa pili, kwa sababu usipoonekana msibani watu wanakumbuka.

Nilifika kwetu saa kumi na mbili. Kabla sijagusa mlango, Mama Shani aliniita kutoka uani kwake.

“Mama Neema, hebu njoo huku kwanza kabla hujaingia ndani.”

Mama Shani ni mtu mzima kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, akanikalisha kwenye mkeka. Neema alikuwa amekwenda kwake saa nne asubuhi, amejifunga kanga mbili, analia, akidhani anaumwa ugonjwa wa kufa. Mama Shani alimwogesha, akamtuma Shani dukani akanunue paketi ya shilingi elfu mbili, akamwelekeza, akampikia chai ya tangawizi. Simu yangu aliipigia mara tatu. Niliziona baadaye. Saa ile nilikuwa jukwaani, simu iko ndani ya mkoba.

Niliingia ndani. Maharage yalikuwa yameiva, mdogo ameshaoga. Neema alikuwa kitandani, amegeukia ukutani.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Lile la kutokuwepo siku ile si kitu. Mama yeyote anaweza kuwa kazini, sokoni au safarini. Kilichonivunja ni kwamba maboksi ya taulo yalikaa sebuleni kwangu wiki mbili. Siku ile yenyewe niliacha mawili kando ya kabati, ya shule ya wiki inayofuata. Mtoto alipita kando yake akaenda kugonga kwa jirani.

Nilimuuliza kwa nini hakuchukua. Alijibu bila kugeuka.

“Ulisema tusiguse, mama. Ulisema zimehesabiwa.”

Ni kweli nilisema. Nilisema kwa ukali, kwa sababu fedha za watu zina maneno na mimi ndiye mtunza hazina. Nililinda mali ya kikoba mpaka mwanangu akajua kwamba yeye hayumo katika hesabu.

Nikamuuliza jambo la pili, kwa sauti ya chini zaidi: hakuwa amewahi kunisikia nikifanya mazoezi ya yale maneno hapo hapo sebuleni? Alisema alisikia. Alidhani ni ya igizo.

Usiku nilimweleza baba yao. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema niache haya mambo ya watu. Hapo tukagombana, na sitaficha. Yeye ni mlezi wa timu ya mpira ya vijana, Jumamosi na Jumapili hayupo, na jioni yuko kijiweni kwenye kahawa na bao wakitengeneza nchi. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza watoto amemwachia nani. Mwenyekiti wetu wa mtaa ana watoto watano na simu yake haizimwi, na watu wanamsifu kwa hilo.

Tena wanawake wa mji huu hawajaanza leo. Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara yake tunaipita kila siku na daladala, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kabla hajawa mwanasiasa. TANU ilipotaka wanachama wanawake mwaka 1955, alikwenda kuwatafuta huko huko kwenye vikundi vya ngoma, kwa watu waliomjua kwa sauti yake. Siasa yake ilitoka kwa marafiki zake. Ningemwambia nani leo kwamba mikutano ile haikuwa na faida?

Kwa hiyo sikuacha. Ila nilipunguza, na kupunguza kuligharimu. Uhazina wa kikoba niliukabidhi mwezi wa tano. Rafiki yangu mmoja, tuliyeanza naye, alinuna. Alisema nimeanza kujiona, na kwenye kitchen party ya mdogo wake nilipewa sare dakika za mwisho. Bado hatujakaa sawa. Msibani nakwenda, lakini nakaa saa moja, sikeshi isipokuwa kwa ndugu. Simu ya mjumbe nimeinunulia laini yake, na saa moja jioni naizima. Wiki ya kwanza niliitwa mjumbe wa mchana. Mume wangu naye Jumamosi moja kwa mwezi anabaki na watoto, timu inacheza bila mlezi. Mara ya kwanza aliunguza wali, mdogo akaniambia kabla sijavua viatu.

Neema hakunisamehe haraka. Kwa wiki kadhaa, akihitaji jambo, alikuwa anakwenda kwa Mama Shani, na mimi nilijifunza kuvumilia, hata kushukuru. Kisha Jumamosi moja aliomba tufuatane mazoezini. Alikaa kwenye mzizi wa mwembe na daftari lake. Tulipofika mahali pangu pa kushika mkono akaangua kicheko.

“Mama, hakuna mtu anaongea hivyo. Unaongea kama redio.”

Wenzangu walicheka mpaka machozi. Akatuambia mama wa kweli kwanza angeuliza umekula, halafu angefunga mlango, halafu angekaa kimya kidogo. Tukabadilisha. Sasa pale pana ukimya, na wasichana tunaowaigizia wanatulia zaidi kuliko walivyotulia kwa maneno yangu ya zamani.

Mwezi uliopita maboksi mapya yaliletwa kwangu tena, maana nyumba yangu ndiyo iko jirani na barabara. Paketi mia moja na ishirini. Katibu alipokuja kuhakiki alihesabu mara mbili, akapata mia moja na kumi na tisa. Neema alikuwa mezani anafanya hesabu zake za shule, hakuinua kichwa. Nilitoa shilingi elfu mbili kwenye pochi, katibu akaandika kwenye daftari.