ASIKILIZWE KABLA YA KUADHIBIWA

Chombo kikitia nanga Mkoani au Wete na shehena kutoka ng'ambo, mwenye mali hauchukui mzigo wake hivi hivi tu. Lazima hati ziandikwe, ushuru ukadiriwe na ulipwe, na kazi hiyo huifanya wakala wa forodha mwenye leseni. Leseni ikisimamishwa, riziki ya wakala imekatika siku ile ile, na mali ya wateja wake imebaki bandarini.

Hatusemi kwamba mawakala wote ni watu wema. Wako wanaoandika magunia mia yakawa hamsini, na kila shilingi inayoibwa kwa kalamu ni dawati lililokosekana shuleni. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 humpa Kamishna uwezo wa kutoa leseni na wa kuisimamisha, wala hatutaki anyang'anywe uwezo huo. Tunalotaka ni kwamba mtu aelezwe kosa lake kwa maandishi, naye ajibu, kabla ya kuadhibiwa.

Njia ya kulalamika ipo, ni kweli. Kwa kifungu cha 229, aliyeumizwa ana siku 30 za kumwomba Kamishna auangalie upya uamuzi wake, na Kamishna ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, ombi limekubaliwa. Akikataa, mlalamikaji ana siku 45 za kukata rufaa katika baraza la kodi. Wasomaji wetu na wazihesabu siku hizo. Wakala aweza kushinda shauri lake, akarudi ofisini akute wateja wote wamekwisha hamia kwingine. Ushindi huo ni dawa iliyofika baada ya maziko.

Mwaka 1950, katika shauri la Nakkuda Ali, mfanya biashara wa nguo wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, Baraza la Mfalme mjini London lilisema kwamba leseni ni fadhila tu, na anayeifuta halazimiki kufuata taratibu za hakimu. Mwaka 1963 majaji wa Uingereza wenyewe waliikosoa hoja hiyo, katika shauri la Ridge, mkuu wa polisi aliyefukuzwa bila kusikilizwa. Hapa kwetu, Mahakama ya Rufani katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts ilikwenda mbali zaidi, ikasema kwamba kusikilizwa ni haki ya Katiba, ibara ya 13(6)(a). Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inayo haki hiyo.

Tena, kifungu cha 147 humhesabu wakala kuwa kama mwenye mali, hata adaiwe ushuru yeye mwenyewe. Aliyebebeshwa mzigo wa mwenyewe asitendewe kama mpita njia.

Pakiwa na hatari ya mali kutoroshwa, leseni na isimamishwe kwa siku chache zilizotajwa, kwa sababu zilizoandikwa, na mhusika asikilizwe ndani ya siku hizo. Serikali haipotezi hata senti moja kwa kusikiliza. Mwenye hatia akisikilizwa, hatia yake itabaki pale pale; lakini asiye na kosa akiadhibiwa kwanza, hakuna hukumu itakayomrudishia siku zake.