Mbwa wa Zizini

Likizo iliyopita fisi alilivamia zizi letu usiku. Kabla baba hajashika mkuki, mbwa wetu Simba alikwisha simama mlangoni, akapigana naye hata akamfukuza. Alipasuliwa sikio, hata hivyo asubuhi aliweka kichwa magotini pa baba kwa imani. Nasi twampa nini? Makombo, na mawe akikaribia jikoni!

Husemwa fadhila ya punda ni mateke. Kwa mbwa, wapigao mateke ni sisi. Huko Namibia, tangu 1994, wafugaji hupewa mbwa wa asili ya Uturuki, wakuzwao pamoja na mbuzi tangu udogo. Mbuzi husalimika, na duma hapigwi risasi ovyo.

Basi mlinzi wetu naye astahili chakula chake, na sindano ya kuzuia kichaa kila mwaka.