Fomu ya Skuli ya Muziki Ajaze Binti Mwenyewe



Leo tunazungumza na mama mwenye binti wa miaka ishirini hivi, mwenye ulemavu wa akili, ambaye wimbo akiusikia mara mbili keshaushika, lakini chenji ya dukani hajui kuihesabu. Tunazungumza pia na dada yake, hasa akiwa anakaribia kuolewa. Yeye tutamfikia mwishoni.

Wenzetu wanaolea huko Marekani wanajua kuna umri mgumu. Elimu maalum ya serikali kwa kawaida humalizika mtoto akifika miaka 21 au 22, kutegemea jimbo. Basi la skuli haliji tena asubuhi, na binti hubaki sebuleni na televisheni. Ndipo familia husikia habari za skuli za dahalia za muziki kwa vijana wenye ulemavu. Inayojulikana zaidi ni Berkshire Hills Music Academy, mji wa South Hadley, Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 2001. Nyuma yake walikuwepo wazazi wa watoto wenye sindromu ya Williams, hali anayozaliwa nayo mtu kwa kukosa kipande kidogo cha kromosomu ya 7. Wengi wao ni wachangamfu kupita kiasi, hesabu huwashinda, na muziki wanaupenda kwa namna inayowashangaza hata madaktari.

Ukisikia skuli ya muziki unafikiria jukwaa na gauni. Kumbe sehemu kubwa ya masomo ni kufua nguo, kupika, kushika pesa, kupanda basi, kuishi na mtu chumbani bila ya kugombana. Muziki ndio unaomfanya binti akubali kuyajifunza hayo. Kwa hiyo hata maombi yake si ya sauti nzuri tu. Kwa kawaida skuli za namna hii hutaka ripoti za daktari, barua ya mwalimu, rekodi ya mwombaji akiimba au akipiga ala, mahojiano, na mara nyingi siku chache za kukaa pale kwa majaribio.

Na hapo ndipo mama zetu wanapoiteka fomu. Pameulizwa, "Unapenda nini?" Mama anaandika kwamba binti anapenda kusaidia kazi za nyumbani. Mashaallah! Binti mwenyewe anapenda ngoma, na vyombo hataki hata kuviona. Tunasema mwacheni ajibu. Kama hawezi kuandika, aseme, nanyi muandike neno kwa neno. Kisheria katika majimbo mengi ya Marekani akifika miaka 18 ni mtu mzima, na wazazi wanaotaka kumwamulia kwa kawaida huhitaji kwenda mahakamani. Lakini hata sheria isingesema hivyo, anayekwenda kulala mbali na kwao ni yeye.

Kosa jingine ni kuficha. Familia inaogopa atakataliwa, basi haitaji kwamba sauti ya ghafla humtesa, kwamba hutoka usiku, kwamba siku za hedhi anahitaji mtu wa kumkumbusha abadilishe pedi. Yote hayo yatajulikana wiki ya kwanza, tena kwa njia mbaya, mbele ya wageni. Lililoandikwa kwenye fomu hupangiwa mtu na wakati wake. Kilichofichwa humpata binti akiwa peke yake. Na la hedhi lisingoje skuli. Anzeni nyumbani miezi sita kabla: ahesabu siku zake, atawadhe mwenyewe hata ikichukua nusu saa, apange dawa zake kwenye kikasha cha siku saba.

Sasa suala la muziki wenyewe. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu ala, na kila familia ina sheikh wake wa kumuuliza. Hilo tunaliheshimu. Linalotukera ni nyumba iliyokesha na taarabu kwenye harusi ya binti mkubwa, halafu fatwa inakumbukwa zamu ya binti mwenye ulemavu ikifika. Pale Cairo, jumuiya ya Al Nour Wal Amal imekuwa na orkestra ya wanawake wasioona kwa miaka mingi, wengi wao leo wakivaa hijabu. Noti zao zimeandikwa kwa nukta nundu. Huzisoma kwa vidole, kisha huzihifadhi zote kichwani, kwa sababu mkono unaosoma hauwezi kupiga fidla. Jukwaani hawana kiongozi wa kumtazama. Wamezunguka nchi nyingi hivyo hivyo.

Hofu ya kweli, kwa maoni yetu, ni usalama wake. Wanawake wenye ulemavu wa akili huchezewa kingono zaidi kuliko wanawake wengine, na mama akiogopa ana haki. Basi aulize bila ya haya: ufunguo wa chumba anao nani? Anayemsaidia kuoga ni mwanamke kila siku, au hata wa zamu ya usiku anaweza kuwa mwanamume? Binti akiguzwa atamwambia nani, na kwa maneno gani? Wanafunzi hutumbuiza wapi, na je, anaweza kukataa mahali panapouzwa pombe? Pahala pa kusali na chakula cha halali huwa ni mambo mepesi kupangwa ukiyataja mapema. Lakini tusijidanganye kwamba nyumbani ndiko kwenye salama siku zote. Maswali hayo hayo yawafikie na wajomba, mabinamu na wageni wanaolala sebuleni.

Ada nayo ni maelfu mengi ya dola kwa mwaka. Ulizeni misaada kabla ya kuuza dhahabu.

Na wewe bi harusi. Tunajua katika nyumba nyingi, siku posa inapoletwa, ndugu mwenye ulemavu hupelekwa kwa jirani. Mchumba anamjua baada ya akdi. Nawe unaanza ndoa ukiwa na siri, ilhali wazee wakiondoka huyo ndugu atakuja kwako. Mwambie mchumba kabla ya mahari kutajwa, na ukae mezani familia inapojadili fomu, kwa kuwa anachojifunza dada yako sasa, kufua, kupika, kukaa na watu, ndicho mtakachoishi nacho wewe na mumeo miaka ishirini ijayo.

Siku za majaribio zikifika, mama alale hotelini, si dahalia. Binti akirudi aulizwe akiwa ametulia, tena siku ya pili aulizwe mara nyingine. Akisema hapendi, fomu irudi kabatini, na mwalimu wa kinanda atafutwe hapo hapo mjini.