Siku ya Kununua Nguo Katika Mji wa Ahmedabad

Bibi mmoja wa Kisumu, karani wa hesabu katika duka la vyombo vya chuma, alialikwa na tajiri wake kwenda India kuhudhuria arusi ya binti yake. Binti huyo alimjua tangu alipokuwa mtoto mdogo, akifanya masomo yake jioni nyuma ya meza ya duka. Wafanya kazi wenzake kumi na wanne walichanga fedha ili awapelekee zawadi yao, nao walitaka iwe nguo ya asili ya Gujarat, si kitu cha kununuliwa Kisumu na kubebwa tu. Fedha hizo zilipobadilishwa zilitoka rupia 12,000. Mbali na hizo alikuwa na rupia 7,000 zake mwenyewe, alizoziweka akiba apate kununua sari ya hariri ya kuvaa siku ya arusi. Alizitia fedha katika bahasha mbili, na juu ya ile ya kwanza yalikuwa yameandikwa majina ya watu kumi na wanne.

Mji wa Ahmedabad ulianzishwa na Sultani Ahmed Shah katika mwaka 1411, na kwa muda mrefu umekuwa mji wa nguo. Kiwanda chake cha kwanza cha pamba kilianza kazi katika mwaka 1861, na vingine vikafuata hata watu wakaufananisha na Manchester ya Uingereza. Viwanda vingi katika hivyo vilifungwa katika miaka ya 1980 na 1990, lakini biashara ya nguo haikuhama. Mgeni akishuka katika tuktuk penye Teen Darwaza, yaani lango la mawe lenye matao matatu, hukuta nguo pande zote: zimetundikwa, zimetandazwa chini, zimepangwa juu ya mikokoteni, na wenye mali wanaita kwa sauti kuu.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya arusi. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wameshughulika na kupakwa hina, kwa hiyo yule bibi aliondoka peke yake asubuhi. Hakutaka kumsumbua mtu, na tena alijiona anajua biashara, kwa kuwa alikuwa amekaa dukani miaka kumi na tisa.

Katika kibanda kimoja aliona sari nyekundu yenye nukta nyeupe na za manjano, ndogo ndogo kama mtama, zilizopangwa kuwa maua na duara. Mwanamke ye yote wa Kenya aliyezoea leso angevutwa na nguo ile. Mwenye kibanda, aliyejua Kiingereza kidogo, alisema ni bandhani, na ni hariri. Alitaka rupia 8,000. Yule bibi alicheka, akageuka kwenda zake, akaitwa, akarudi, na baada ya robo saa ya kuvutana wakapatana kwa rupia 4,500. Akazitoa katika bahasha ya majina. Hakupewa stakabadhi, naye katika furaha ya kupunguziwa karibu nusu ya bei hakuiuliza, jambo ambalo Kisumu asingalimsamehe mtu.

Saa ya chakula cha mchana alimwonyesha nguo hiyo shangazi wa bibi arusi. Mama huyu alizaliwa Kisumu, akahamia Ahmedabad akiwa msichana, na mpaka leo husema Kiswahili cha sokoni bila kusita. Nyumbani wote humwita Foi, kwani ndivyo Wagujarati wanavyomwita dada wa baba, na mgeni naye alimwita vivyo hivyo. Foi aliikunjua sari, akaigeuza upande wa ndani, asiseme neno. Kisha alichomoa uzi mmoja kwenye ukingo, akaushika kwa koleo, akauwasha katika moto wa jiko. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukawa kitone kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki.

“Mama,” akasema, “hariri ikiungua hunuka kama nywele, na majivu yake husagika kwa vidole. Hii si hariri. Wala si bandhani. Imepigwa chapa kwa mashine.”

Hapa yafaa kueleza bandhani ni nini, maana mgeni asiyejua kazi yake hawezi kujua anachokinunua. Jina lenyewe latokana na neno la kufunga. Nguo nyeupe huchorwa kwanza kwa rangi inayofulika, kisha fundi, ambaye mara nyingi ni mwanamke afanyaye kazi nyumbani kwake, huinua kipande kidogo sana cha nguo kwa ukucha mrefu au kwa pete yenye ncha, akakizungushia uzi na kukikaza. Hilo ni fundo moja. Akimaliza mafundo ya sehemu zitakazobaki nyeupe, nguo hutiwa katika rangi ya manjano. Kisha hufungwa tena mahali panapotakiwa kubaki manjano, ikatiwa katika nyekundu, na hivyo hivyo kutoka rangi hafifu hata rangi nzito. Sari moja nzuri yaweza kuwa na maelfu mengi ya mafundo, nayo yaweza kumshika fundi miezi. Kazi yake huhesabiwa kwa kadi, na kadi moja ni mafundo manne. Miji inayosifiwa kwa kazi hii ni Jamnagar, na Bhuj katika nchi ya Kutch, ambako watu wa ukoo wa Khatri wamekuwa mafundi wa rangi tangu zamani.

Kwa hiyo bandhani ya kweli hujulikana. Nukta zake hazilingani sawasawa, kwa kuwa mkono si mashine. Katikati ya nukta mara nyingi hubaki kijitone cha rangi, mahali ambapo ncha ya nguo ilichungulia nje ya uzi. Nguo yenyewe ina mikunjo midogo, na ukipitisha kiganja juu yake huhisi vijiinuko. Nguo ya chapa ni laini tupu, nukta zake ni pacha, na mara nyingi upande wa ndani rangi imefifia. Nguo ya chapa si mbaya. Huvaliwa na maelfu ya wanawake wasioweza kununua nyingine, na bei yake ni ndogo. Ubaya ni kulipa bei ya mafundo elfu nyingi pasipo na fundo hata moja, na mwanamke aliyefunga yaliyo ya kweli akaambiwa na tajiri wake kwamba sokoni ziko za bei rahisi zaidi.

Walirudi pamoja kibandani. Foi alisema maneno mengi kwa Kigujarati, naye mwenye mali alijibu kwa utulivu. Alisema kwamba yeye aliita nguo ile bandhani kwa maana ya mtindo wake. Hakusema imefungwa kwa mkono. Kuhusu hariri alisema kwamba huenda mgeni hakusikia vema. Fedha hazirudi, lakini nguo yaweza kubadilishwa. Wako watakaosema kwamba mtu huyo alikuwa mwerevu tu, na kwamba kila soko duniani lina wa namna yake. Huenda ni kweli, lakini rupia alizozipokea zilikuwa za watu kumi na wanne wanaolipwa mshahara mwisho wa mwezi.

Yule bibi alitazama kibanda chote kwa makini, akachagua sari ya pamba ya samawati iliyopigwa chapa kwa vipande vya mbao vilivyochongwa. Bei yake halisi haikufika hata nusu ya zile rupia 4,500, lakini ilikuwa pamba safi na haikujidai kuwa kitu kingine. Kisha alisimama kando ya njia, akatoa rupia 4,500 katika bahasha yake mwenyewe, akazitia katika bahasha ya majina. Foi alitaka kumzuia, akisema atamkopesha. Alikataa kwa heshima.

Kutoka hapo walikwenda kwa miguu mpaka Dhalgarwad, soko la zamani la nguo lililo karibu, lenye vichochoro na maduka madogo ambayo mteja huvua viatu na kuketi juu ya godoro jeupe. Mwenye duka mmoja, mzee mwenye miwani, aliwapa chai kwanza. Alimwita mgeni “ben”, yaani dada, na Foi alimwita mzee “kaka”. Yule bibi alishangaa kusikia mtu wa miaka sabini akiitwa kaka, hata alipoelezwa kwamba kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo au baba mkubwa.

Mzee alitandaza sari nyingi. Moja ilimshika mgeni macho kuliko zote: nyekundu, imegawanywa katika miraba kwa nyuzi zing'aazo kama dhahabu, na ndani ya kila mraba mna picha ya mafundo, hapa tembo, hapa ua, hapa ndege. Akasema hiyo ndiyo atakayoichukua kwa ajili ya bibi arusi. Mzee hakutaja bei. Aliuliza, “Wewe ni nani kwake?”

Nguo hiyo ni gharchola. Kwa desturi miraba yake ni 12 au 52, nayo hutolewa na watu wa upande wa bwana arusi, kuwa alama ya kwamba msichana anapokewa katika nyumba mpya. Kabla ya hapo huvaa panetar, sari nyeupe yenye pindo jekundu. Mzee alisema panetar huletwa na mama. Yule bibi akajibu kwamba bila shaka mama yake amekwisha kuinunua. Foi alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kwa maana “mama” ya Wagujarati ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi. Basi mgeni akaelewa, tena upesi, kwani hata kwao ziko zawadi ambazo mtu wa nje hawezi kuzileta bila kuwavunjia heshima wenye haki nazo. Mwuza nguo mwingine angaliuza gharchola ile na kunyamaza.

Hatimaye walichagua sari ya hariri ya Jamnagar, rangi ya kijani iliyokoza, yenye nukta nyeupe na nyekundu, ambayo mtu ye yote aweza kumpa bibi arusi. Bei ilikuwa rupia 12,500. Safari hii mgeni hakugeuka kwenda zake. Aliuliza tu kama bei hiyo ina nafasi, mzee akafikiri, akaandika 11,400 juu ya karatasi, na pande zote mbili wakaridhika.

Sari ile ilikuwa bado imefungwa. Hiyo ndiyo desturi ya wauzaji wengi wa bandhani: nyuzi huachwa, ili mnunuzi aone kwa macho yake kwamba mafundo yamo. Kijana wa duka alishika pembe mbili za nguo akaivuta kwa nguvu, na nyuzi zikakatika mfululizo, tak-tak-tak, kama mahindi yanayoanza kupasuka katika kikaango. Katika ile pembe nukta zilifunguka kama macho. Alipotaka kuendelea, yule bibi alimzuia. Aliomba nguo iliyobaki iachwe na mafundo yake, ili bibi arusi aivute mwenyewe.

Kazi iliyosalia ilikuwa ndogo. Walinunua sketi ya ndani, wakampelekea fundi wa cherehani kipande cha blauzi kilichokuja na sari ya pamba, naye akaahidi kuimaliza kesho yake jioni. Fundi huyo pia alishona utepe wa pamba upande wa ndani wa pindo la chini, ili sari ipate uzito wa kuanguka vizuri na isiharibiwe na viatu. Foi alisema sari ya pamba katikati ya hariri nyingi itaonekana. Mgeni akasema, na ionekane.

Usiku, nyumba ilipotulia, alifungua daftari lake la hesabu na kuandika kama alivyozoea kuandika dukani. Zilizopokewa kwa wenzake kumi na wanne, rupia 12,000. Sari moja ya bandhani, hariri, rupia 11,400, stakabadhi imeambatishwa. Salio la kurudishwa, rupia 600. Akapiga mstari chini yake kwa rula. Zile 4,500 hakuziandika mahali po pote.