"SISI" GANI?

Ndugu wanachama, katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichotuponyoka kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimteua Chifu Amri Dodo. Wananchi wakamchagua Ndugu Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama kama mgombea binafsi. Tazameni vitendo hivi viwili: chama kilimteua, wananchi walimchagua. Mtendaji wa kwanza ni chama, wa pili ni watu. Msemaji asiyeijua tofauti hii apandapo jukwaani, hapa Mbulu ama kule Katesh, ajue kuwa watu wanaijua.

Kiswahili kina "sisi" moja tu. Tukisema "tumeamua tuchange," je, ni sisi viongozi au sisi sote? Kama walioamua ni watu watano ofisini, mkulima hutambua mara moja kuwa "tu" ya kuamua ni ya wakubwa na "tu" ya kuchanga ni yake yeye. Atapiga makofi, lakini hatatoa kitu.

Tena kuna maneno yanayomficha mtendaji. "Fedha zimetumika." Nani kazitumia? "Eneo limetwaliwa." Nani kalitwaa? Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya serikali yalienea nyanda za Hanang, na Wabarabaig wakapoteza malisho yao. Mmoja akisema "pori tupu" na mwingine akisema "malisho," huenda wanataja mahali pamoja. Lakini neno la kwanza limekwisha kumwondoa mfugaji kabla hajaulizwa.

Sasa likumbukeni lile neno la "Uhuru na Kazi." Halina anayeamuru wala anayeamriwa. Ni maneno mawili mepesi, na mzee anayesema Kiiraqw au Kitatoga nyumbani kwake aliweza kuyachukua akaenda nayo.

Basi, ndugu wasemaji, hatuna budi kushika mambo matatu. Mtajeni mtendaji, hata akiwa ni sisi wenyewe. Msiseme "tulime" kama jembe hamlishiki. Na mkalimani akigeuka jukwaani kuuliza "nani?", mjibuni mbele ya watu wote. Chama kinachoogopa swali hilo kitajibiwa katika sanduku la kura, kama kilivyojibiwa Mbulu.