Mgeni Katika Chama cha Chuo na Ufunguo wa Sanduku

Kila mwaka wa masomo uanzapo, vyama vya wanafunzi katika vyuo vikuu vyetu, viwe vya Kiswahili, vya mijadala, vya maigizo au vya kupanda milima, huulizwa na watu wa mjini swali moja: je, asiyekuwa mwanafunzi ana ruhusa ya kuingia? Jawabu aghalabu hutegemea ni nani aliyechaguliwa mwaka huo. Mwenyekiti mwenye moyo mkunjufu humkaribisha mgeni na kumpa hata haki ya kupiga kura, na mwenyekiti mwenye hofu humrudisha alikotoka, wala hakuna katika wawili hao awezaye kuonyesha kifungu cha katiba kilichomwongoza. Rai yangu ni kwamba mlango uachwe wazi, madaraka yafungwe, na yote mawili yaandikwe kabla ya mgeni wa kwanza kubisha hodi.

Wapo wasemao kwamba mwanafunzi ndiye alipaye ada, kwa hiyo chama ni chake na ukumbi ni wake, na mtu wa nje na atafute baraza kwingine. Hoja hii ina haki ndani yake, lakini imepungukiwa na hekima, khususan katika lugha yetu, ambayo sehemu kubwa ya elimu yake imehifadhiwa na watu wasiopata kusoma chuo kikuu. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni kisiwani Lamu, hakupitia huko, na hata hivyo wataalamu wa vyuo walimwendea kutafuta maarifa ya tungo za kale na istilahi za mabaharia. Na neno runinga, linalotamkwa leo na watangazaji wa Kenya bila kufikiri limetoka wapi, hunasibishwa naye. Chama cha Kiswahili ambacho kingemzuia mtu wa daraja hiyo kwa kuwa hana kitambulisho cha mwanafunzi, kingekuwa kimejihukumu chenyewe.

Tena si lugha peke yake. Mwaka 1967 wanafunzi wa Dar es Salaam waliunda USARF, jumuiya ya kimapinduzi iliyoongozwa na Yoweri Museveni, wakati huo mwanafunzi kutoka Uganda, na karibu nao alikuwapo Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, akisomesha na kuhojiana nao. Ijapokuwa Rodney aliwazidi wote kwa elimu na umaarufu, uenyekiti ulikuwa wa mwanafunzi, na jarida lao, Cheche, lilihaririwa na wanafunzi. Serikali iliifunga jumuiya hiyo mwaka 1970, kwa sababu za siasa ambazo zataka makala yake. Lakini ule mpango wa mkubwa kufundisha na vijana kuongoza haukuwa na kasoro.

Sasa tuitazame hatari, ambayo haisemwi ipasavyo. Watu humwogopa mgeni mwenye nia mbaya, nao hawakukosea: yuko wakala wa chama cha siasa anayetafuta wafuasi, yuko mfanyabiashara wa upatu, na yuko mtu mzima, tusione haya kumtaja, ambaye kilichomleta ni wasichana wa mwaka wa kwanza. Hao wanahitaji kanuni ya kuwafukuza, na kanuni hiyo si ngumu kuiandika. Aliye mgumu zaidi ni mgeni mwema, kwa sababu yeye hudumu. Mwanafunzi hukaa miaka mitatu au minne. Katika wa kwanza hajui njia, katika wa mwisho ameshikwa na mtihani, na muda wake wa kuongoza hauzidi mwaka. Ilhali mtu wa mjini yuko pale pale, anajuana na mlinzi wa ukumbi, anazo daftari za zamani, saini yake iko benki, na bila ya kukusudia dhuluma yoyote, hupambazuka siku moja chama kikawa milki yake, na wanafunzi wakawa wageni kwake. Waliohitimu wakashindwa kuondoka ndio hodari zaidi wa jambo hili, maana wao hudhani hawajawahi kuwa wageni.

Chuo Kikuu cha Oxford kilikwisha kulifikiria suala hili. Katiba ya mfano ya vyama vinavyosajiliwa huko huruhusu watu wa nje kukubaliwa, mradi wasizidi moja ya tano ya wanachama wote, na hutaka rais, katibu na mtunza hazina wawe watu wa chuo. Na sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1994 huagiza kwamba utaratibu wa kugawa fedha kwa vyama vya wanafunzi uwe wa haki, uandikwe, na kila mwanafunzi aweze kuusoma. Hata kiongozi wa umoja wa wanafunzi anayelipwa mshahara haruhusiwi kuzidisha miaka miwili. Ikiwa mwanafunzi mwenyewe amewekewa ukomo, sioni hoja ya kumwachia mtu wa nje miaka kumi.

Hiyo moja ya tano si lazima tuinakili. Chama cha ushairi cha Mombasa au Zanzibar, ambako malenga wengi wako mitaani, kingeweza kuruhusu theluthi bila madhara, na chama cha mijadala kikaruhusu wachache kuliko hao. Ada ya mgeni na izidi ya mwanafunzi kidogo, kwa kuwa ukumbi na umeme hulipiwa na chuo. Lakini katika uenyekiti, ukatibu na fedha pasiwe na mapatano: nafasi hizo ni za mwanafunzi aliye masomoni, na mgeni, hata akiwa na hekima ya Lukmani, atoe shauri na kura aiache kwa wenyewe. Viongozi mnaojiandaa kusajili wanachama wapya, andikeni kifungu hicho mkutano wa kwanza haujaitishwa, na mkisome kwa sauti mbele ya wageni wenu.